Mistari Sita ya Mpunga

Jumapili

Kumbe mshangao walioniahidi wenyeji wangu ni shamba la mpunga! Mimi nilitegemea treni ya kasi. Familia ninayokaa nayo huku Japani wamenipeleka kupandikiza miche, eti kwa sababu nilishawaambia kijijini kwetu Mbuchi tunalima mpunga. Sikuwaambia kwamba nilisoma kufa na kupona ili nisirudi matopeni.

Mikono ikanisaliti. Nilimaliza mistari sita mwenye shamba akiwa kwenye wa pili. Wakanipigia makofi.

Nikamtumia mama picha. Akapiga simu anacheka: "Safari yote hiyo ya ndege, mwanangu, umekwenda kulima?"

Mimi sikucheka. Kwenye kalenda ya jikoni wameshaandika siku ya kuvuna, na jina langu pembeni.