Kreti ya Busale

Kandete, 12 Februari 1996

Mwanangu Subilaga,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku wazima, tunakula na kulala, ila mvua haitaki kutuacha. Tangu Krismasi sijavaa viatu vikavu. Kwaya inakusalimu. Jogoo wako mchokozi naye bado yupo, maana kila nikimtaja kwa ajili ya kitoweo cha wageni, Mama yako anajifanya hasikii. Habari za chuo cha ualimu? Ulisema maharage yenu yana wadudu. Omba, fumba macho, meza.

Wiki iliyopita tulihubiri Ipinda siku tano. Siku ya tatu watu walikuwa wamepoa kama uji wa jana, nikaona sasa nitoe ule ushuhuda wako. Nikawaeleza ulivyokuwa unaanguka kifafa mara mbili tatu kwa wiki, hadi shule wakakurudisha nyumbani. Nikawaeleza mkutano wa Busale, nilivyokuwekea mikono, na ulivyosimama juu ya kreti ya soda ili watu wote wakuone, mtoto wa miaka kumi na moja, na tangu siku ile hujaanguka tena. Subi, uwanja ulilipuka! Hata mpiga kinanda alilia, na unamjua Ambokile, huyo hata msibani kwao hakulia.

Agosti tunatimiza miaka kumi tangu Busale. Tutafanya mkutano mkubwa pale pale, na safari hii utasimama mwenyewe useme kwa kinywa chako. Jiandae.

Mama yako amekaa hapa anadai nafasi mwishoni mwa barua, nampa.

Baba yako,
Mch. Ambilikile Mwaisumo

Subi mwanangu, vidonge vyako vya damu vilivyokuwa kwenye kopo la majarini bado vipo? Usiache kunywa hata siku moja. Niambie nikutumie vingine. Mama.


Songea, 3 Machi 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie na Mama shikamoo yangu. Naamini mnaendelea vizuri, na viatu vyako vimekauka.

Baba, kaa chini kwanza. Tarehe 22 Februari nilianguka darasani. Nilikuwa ubaoni nafundisha wenzangu somo la jiografia, basi, sikumbuki zaidi. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, sketi imelowa, na darasa zima limebanana mlangoni kama mbuzi waliomwona chui. Wanasema povu linaambukiza. Aliyekuwa karibu nami ni mmoja tu, Skola Ndunguru kutoka Mbinga, amekishika kichwa changu mapajani. Ndiyo, Baba, yule Mkatoliki uliyesema nisikae naye chumba kimoja.

Nilianguka tena siku mbili baadaye. Daktari amesema ni kifafa kile kile, na amenipa vidonge. Tangu nianze kuvinywa sijaanguka.

Naomba kitu kimoja tu. Acha kutoa ule ushuhuda. Na Agosti sitasimama. Ningesimama niseme nini?

Usimwambie mtu, tafadhali. Unajua kina Lusajo wanaleta posa Septemba, na unamjua mama yake.

Binti yako,
Subi


Kandete, 20 Machi 1996

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kama ulivyosema.

Nakuambia kama baba na kama mchungaji wako: usiyapokee maneno ya daktari. Mungu akishafungua hafungi tena. Huyu ni adui, ameona Agosti inakaribia, anatafuta pa kuingilia. Ukivinywa hivyo vidonge unakiri kwamba Busale haikutokea. Viweke kando. Nimeanza kufunga siku saba kwa ajili yako. Sijamwambia mtu isipokuwa wazee watatu wa kanisa, na hao ni kwa maombi tu.

Nikutie moyo. Pale Ipinda alikuwepo mjane mmoja mkulima wa mpunga, Mama Ikupa, mwenye binti wa miaka saba anayeanguka kama ulivyokuwa wewe. Baada ya kusikia habari zako alitoka mbele na vidonge vya mtoto mkononi, tukaenda naye hadi mto Mbaka, akavitupa majini watu wote wakipiga makofi. Imani ya mama asiyejua hata kusoma! Sasa wewe uliyesoma utashindwa?

Mama yako nilimsomea barua yako. Aliingia jikoni akakaa huko hadi moto ukazima. Asubuhi akaniambia anakuja Songea kukuona. Hajaniomba ruhusa, ameniarifu. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, ni mara ya kwanza.

Baba yako,
Mch. A. Mwaisumo


Songea, 15 Aprili 1996

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, sijaanguka tena. Mama amefika na amekwisha rudi, nadhani amekuletea salamu. Alinibebea mkungu mzima wa ndizi kichwani tangu stendi, Skola akamuuliza kama anadhani Songea hakuna shamba.

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana. Mama aliniomba nisikuandikie kabisa. Alilia, Baba, akanishika magoti, mimi mtoto wake. Lakini ulinitajia Mama Ikupa, na tangu hapo usingizi wangu ni wa kuokoteza.

Daktari aliponimwagia vidonge mkononi nilivijua. Vidogo, vyeupe, vyenye mstari katikati. Ni vile vya kopo la majarini. Ni vidonge vyangu "vya damu", ambavyo Mama amenipa kila jioni na chai tangu nikiwa darasa la nne. Januari viliisha, nikaona nina afya, damu ya nini tena, nikaacha. Ndiyo maana nikaanguka.

Nilipomwonyesha Mama, alinieleza yote. Vya kwanza alivipata kwa muuguzi wa zahanati, wewe ukavitupa chooni. Akarudi kwa muuguzi akapewa vingine, akaanza kunipa kwa siri wiki mbili kabla ya Busale. Siku uliponipandisha kwenye kreti nilikuwa sijaanguka kwa siku kumi, hukuwepo nyumbani ukaona, ulikuwa safarini. Mama alitaka kukuambia usiku ule ule. Anasema ulirudi umebebwa na watu mabegani, unacheka, na hajawahi kukuona umefurahi hivyo, si siku ya harusi wala siku ya kuwekwa wakfu. Akasema atakuambia kesho. Basi kesho hiyo imekuwa miaka kumi.

Hakukudharau. Alikuwa anaogopa vitu viwili, nisife, na usivunjike. Usimpigie kelele.

Sijui kama Mungu hakuwepo Busale. Mimi naamini alikuwepo, ila alipitia mkono wa Mama. Lakini Baba, nakuomba kwa jina lake huyo Mungu, kesho asubuhi nenda Ipinda umtafute yule mjane. Mwambie amrudishie mtoto vidonge. Mengine yote yanaweza kusubiri, hilo hapana. Jina langu usilitaje, na kwa kina Lusajo usiseme kitu.

Binti yako,
Subi


Songea, 2 Juni 1996

Baba,

Shikamoo. Mko wazima?

Wiki ya saba hii hujanijibu. Mama naye kimya. Kila Ijumaa nakwenda kwenye sanduku la barua, hadi karani ameanza kunionea huruma.

Jana amerudi mwenzetu mmoja kutoka kwao Matema. Anasema mwezi wa tano alihudhuria mkutano wako pale. Anasema ulihubiri sana, na watu walilia ulipoeleza habari za binti yako aliyepona kifafa. Akaniuliza mbele ya watu, "Kwani una dada?"

Nikasema ndiyo, ninaye. Sasa nami ni mwongo. Tumekuwa familia nzima.

Ulimwona Mama Ikupa au hukumwona? Nijibu hilo tu.

Subilaga


Kandete, 29 Juni 1996

Mwanangu,

Sina salamu ya kuanzia. Mama yako mzima, mimi napumua.

Barua yako niliipata tarehe 24 Aprili. Niliisoma, nikaitia kwenye Biblia, nikatoka kwenda kwenye migomba nikapiga panga mgomba usio na kosa. Kisha nilihamia kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa. Siku tisa sikula chakula cha Mama yako. Nilijipikia ugali, ukaungua nje na ndani mbichi, nikaula kwa kiburi. Mama yako alikuwa anapita na ndoo ya maji anatazama moshi wangu. Siku ya kumi aliniletea sahani, akasimama mlangoni, akasema, "Mchungaji, nikemee, nipige, nifukuze, lakini umeshakwenda Ipinda?"

Nikamwambia nitakwenda baada ya Matema.

Matema nilihubiri tarehe 5 Mei. Nilikuwa nimeapa nisikutaje. Lakini watu walikaa tu wananitazama, wazee wakaanza kunong'onezana, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Miaka yote kumi niliposema habari zako nilikuwa nimekosea. Siku ile nilidanganya. Tofauti yake niliisikia kinywani, Subi, na bado niliendelea, tena vizuri kuliko siku zote.

Ipinda nimekwenda tarehe 10 Juni. Mama Ikupa alinipokea kwa kupiga magoti, akanipa kigoda, akanitafutia tunda la kakao la kumung'unya kama mgeni wa heshima. Ikupa alikuwa amekaa karibu na mlango amefungwa bandeji mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Alianguka kwenye moto wa mafiga tarehe 11 Mei, mama yake akiwa kisimani. Vidole vitatu vimeshikana.

Tarehe 11 Mei. Barua yako nilikuwa nayo kwa siku kumi na saba.

Nilingoja anitukane. Laiti angenitukana. Aliniuliza kwa sauti ya chini, mtoto asisikie, "Mchungaji, imani yangu ilipungukia wapi? Nilifunga siku zote tatu mlizoniagiza. Au ni kwa vile nililia njiani wakati vidonge vinakwenda na maji?"

Nilimwambia haikupunguka. Nilimwambia ni mimi. Hakunielewa, alidhani nanyenyekea kama wachungaji wanavyofanya. Nikamchukua na mtoto hadi hospitali ya wilaya, vidonge anavyo tena, na Mama yako ndiye anayekwenda kila wiki kuona kama mtoto anavinywa. Yeye na Mama Ikupa sasa ni mashoga. Wakicheka jikoni mimi nabaki uwanjani.

Nimerudi nyumbani. Nimemwomba Mama yako msamaha, naye ameniomba wake, na tulilia kama watoto waliochapwa pamoja.

Sasa nakuja kwenye ombi. Mkutano wa Busale upo palepale, tarehe 18 Agosti. Wazee wanasema niuache, niseme ninaumwa. Lakini najua sehemu nyingine nilikopeleka ushuhuda ule, Mwakaleli, Lwangwa, Kyela, na sijui kuna akina Ikupa wangapi. Nikisimama niseme tu "nilikosea", watasema mchungaji amechoka au amegombana na mkewe. Wanahitaji kusikia yaliyotokea. Naomba ruhusa niisome barua yako ya tarehe 15 Aprili, yote, kwenye kipaza sauti.

Najua nakuomba nini. Najua posa ni Septemba. Ukikataa, nitasema yangu peke yangu na sitakulaumu maisha yangu yote. Mara ya kwanza nilikupandisha kwenye kreti bila kukuuliza. Safari hii nakuuliza.

Baba yako,
Ambilikile


Songea, 21 Julai 1996

Baba,

Shikamoo. Nimepata barua yako na nimekaa nayo wiki mbili. Usifikiri nilikuwa nakuadhibu. Au labda kidogo.

Nilikasirika. Nilimsomea Skola ile sehemu ya vidole vya Ikupa, nikashindwa kumaliza, akaimalizia yeye. Nilikuwa najiambia kosa ni lako na la Mama, mimi nilikuwa mtoto. Lakini Aprili sikuwa mtoto. Nilikuandikia uende Ipinda, halafu nikakaa hapa nachungulia sanduku la barua, wakati kuna basi. Ningeweza kwenda mwenyewe. Sikwenda kwa sababu nilimwogopa mama yake Lusajo.

Kwa hiyo Lusajo nimemwandikia. Sikutaka asikie kwenye kipaza sauti. Nimemweleza yote, hata sketi iliyolowa. Wiki mbili zimepita, hajajibu. Kutoka kwake Mbeya barua huchukua siku nne. Nahesabu, nalia, naendelea na mazoezi ya kufundisha. Nikiandika ubaoni, wale wale waliobanana mlangoni sasa wamekaa viti vya mbele. Si kwa upendo, wanataka waone vizuri. Sawa tu.

Ruhusa sikupi. Barua yangu usiisome.

Sauti yako naijua, Baba. Ukisema habari ya maziwa watu wanasema haleluya. Utafika kwenye vidonge, Ambokile atabonyeza kinanda, watapiga makofi kabla hawajaelewa, na watarudi nyumbani wakisema muujiza umeongezeka. Wewe keti na Mama, mbele, mahali ambapo watu watawaona mmekaa pamoja. Ambokile aambiwe asiguse kitu. Nitakuja na basi la tarehe 16, na barua nitaisoma mwenyewe.

Mwambie Mama Ikupa aje na mtoto akitaka, na asipotaka asilazimishwe. Ikupa asipandishwe popote.

Mimi nitafutieni kreti. Nimerefuka, lakini nataka wa nyuma nao wanione.

Na kuna jambo la mwisho, lisome mara mbili. Vidonge nakunywa, lakini daktari amesema nisipolala vizuri naweza kuanguka hata hivyo, na usiku wa kuamkia siku ile sitalala, najijua. Nikianguka pale juu, usikemee, Baba. Usininyooshee mkono. Nilaze kwa ubavu, uweke kanga ya Mama chini ya kichwa changu, uwaambie watu wasiogope povu. Kisha kaa hapo kimya, ungoje nirudi.

Mwanao,
Subi