Sentensi Tano za Baba

3 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako. Kitindamimba ameacha kunyonya kidole? Mimi sijambo kiasi, nasukuma siku na mashuka ya hoteli.

Nimeanguka tena mtihani wa Kiingereza, na kwa kosa lilelile: hicho kidude chenu, "the". Msahihishaji anasema kitu kikizidi vyote kwa urefu au ubaya, lazima "the" itangulie. Nikamuuliza, mbona ukiitoa hakipungui kitu? Hakucheka. Nikianguka mara ya tatu kibali changu cha kuishi huku kinakatwa, na mama yako na mtoto hawatakuja huku ng'o. Maji yamenifika shingoni, mwanangu.

Nimetunga sentensi kutoka kwenye maisha yangu mwenyewe, kama ulivyoniagiza. Pitisha kalamu nyekundu, usinionee haya.

Monday is longest day.
I carry heaviest basket.
I am weakest man in laundry.
Night is hardest time for breathing.
This is worst pain of my life.

Baba yako


20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, mtoto kidole bado anacho, tena sasa anabadilisha mikono.

Baba, umenifurahisha! Wanafunzi wangu kila siku mlima mrefu, mto mrefu, basi. Mifano yako ina uhai. Kosa ni moja tu, limejirudia kila mstari: the longest, the heaviest, the weakest, the hardest, the worst. Nimekuzungushia wino. Zikariri kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Safari hii unapita, Baba. Mama ameshaanza kuchagua nguo za safari.

Mwanao, Mwalimu


9 Aprili

Mwanangu Mwalimu,

Nawasalimu wote. Afya ndiyo hiyo, tunamshukuru Mungu.

Nazikariri huku nakunja mashuka, wenzangu wananiita Profesa. Juzi niliketi kidogo juu ya kapu, msimamizi akadhani najisomea. Nilipokutumia zile sentensi nilidhani utaniuliza jambo. Hukuuliza, nikaona basi si neno. Mtihani ni mwezi ujao. Mwambie mama yako nguo nzito zije, huku baridi haina adabu.

This is the worst pain of my life. Sasa iko sawa?

Baba yako


27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Jana Mama alitaka kusikia Kiingereza chako. Nikamsomea zile sentensi zako, akacheka kwa fahari. Kisha akasema, "Haya, sasa niambie maana yake." Nikaanza. Mimi ndiye mnyonge kuliko wote pale kazini. Usiku ndiyo saa ngumu kuliko zote kupumua. Haya ndiyo maumivu makali kuliko yote maishani mwangu. Hapo nikasimama.

Mama akauliza, "Anaumwa tangu lini? Na wewe ulimjibu nini?"

Nilikujibu uweke "the". Baba, nilikusoma kama nisomavyo madaftari ya darasa, natafuta kosa tu. Ulikuwa unaniambia kwa lugha ninayoifundisha, nami nikakusifu. Najichukia.

Nenda hospitali leo, ukiisoma hii. Achana na mtihani. Kibali kikatwe, tusije huko kamwe, sijali. Mama naye anasema hivyo hivyo, nguo amezirudisha sandukuni. Rudi tu, tukuuguze wenyewe.

Mwanao


2 Juni

Baba,

Shikamoo. Hatujapata neno lako.

Nilikwenda posta kupiga simu hotelini. Aliyepokea akauliza chumba namba ngapi. Nikamwambia wewe si mgeni, ni mfuaji. Akasema wafuaji hawaitwi kwenye simu, akakata. Nikapiga tena, akakata tena. Kiingereza changu chote hakikunisaidia kitu.

Mama halali. Kila baiskeli ikipunguza mwendo nje anakwenda mlangoni, akidhani ni tarishi. Mtoto anauliza kama bado unakuja kutuchukua, namwambia kalale.

Kama mkono hauna nguvu, mwombe mwenzako yeyote akuandikie. Andika kwa Kiswahili, andika kwa Kiingereza kibovu, andika mstari mmoja. Sitagusa hata herufi. Andika vibaya, Baba, andika tu.

Mwanao