Mafuta ya Mama Mdogo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na kikohozi kimekupa talaka. Mimi ni mzima, cherehani inanilisha, ila kuna jambo nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningeishia njiani.

Nywele zangu zinaniaga. Zilianza utosini, kimya kimya. Majuzi nilipoinama kubana pindo la gauni, mteja akaniuliza kwa upole kama niliwahi kuungua. Nikacheka, pini zimejaa mdomoni. Alipoondoka nilibaki mbele ya kioo hadi jua likahama ukutani.

Nikaenda kwa daktari wa ngozi, mama mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Alinieleza kwamba mizizi ya nywele hulala na kuamka, na mwili una vichocheo vya ukuaji, kama ujumbe ambao chembe hutumiana: vingine huiambia mizizi iamke, vingine huiambia ipumzike. Kwangu, alisema, vya kupumzisha vimeshinda mjadala. Akanitoa damu, akaizungusha kwenye mashine mpaka ikajitenga, juu yakabaki maji ya rangi ya asali yenye vichocheo vile. Akanidunga nayo kichwani, tone kwa tone. Hakuniahidi kitu, wengine nywele huota, wengine la. Nikafumba macho, nikawa kama naelea. Niliona nyumba ya vyumba vingi, watu wote wamelala, na mtu anapita akigonga kila mlango kwa kidole kimoja. Mlango mmoja ukafunguka. Aliyetoka ni mama mdogo, mdogo wako.

Nilipozinduka, daktari aliniuliza nani mwingine katika ukoo ana hali hii. Nikakutaja wewe, na ile chupa ya mafuta. Akatikisa kichwa, akasema haya yanaelekea kuwa ya kurithi, mafuta tuyaache.

Mama, nisamehe. Nywele zako zilipoanza kupukutika uliniuliza kama nilimwona mama mdogo akitia kitu kwenye mafuta yako. Nilikuwa na miaka minane. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa nimeona kitu. Siku ile alinichapa kwa kuchezea mkasi wake, nami nikataka aondoke. Ukamfukuza, akaondoka, sasa ni miaka ishirini na mitatu.

Jana nilimfuata kwake nikamweleza yote. Akafungua kilemba. Mama, ni utosi wako ule ule. Alisema nywele zake zilianza kunyonyoka mwaka uliofuata, akaona aibu kuja kukuonyesha, ungesema Mungu amemlipa. Halafu akaniuliza kama bado unalala dirisha wazi.

Msalimie baba, mwambie suruali yake iko tayari. Jumamosi nitakuja nayo, na mama mdogo nitakuja naye. Anasema hataingia, atasimama getini mpaka umwite kwa kinywa chako.

Mwite, mama.

Mwanao,
Kifungo