Gari la Kufika Basotu

Jumanne, 4 Machi 2025

Tumeanza kutafuta gari. Mimi nataka zuri — mara moja maishani, jamani! Pale yadi kuna Juke nyekundu. Baba Brayan kaitazama usoni, kasema huyo ni chura, tena amevimbiwa. Nikamwambia chura ana macho mazuri. Akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha tumbo likamuuma kweli, tukarudi na bajaji. Limejaa maji tena. Daktari alishasema ini limechoka, zimebaki dawa za maumivu tu. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hatulisemi.

Alhamisi, 6 Machi

Simwelewi mume wangu. Namwonyesha usukani, redio, siti safi — hatazami. Anazunguka moja kwa moja mpaka nyuma, anafungua buti, anapima kwa shubiri. Metito, kijana dalali, kamwuliza kwa heshima kama mzee anabeba mahindi. Kajibu anabeba kitu kirefu. Basi Juke imekataliwa, eti buti fupi! Nimenuna njia nzima. Anayeendesha si ni mimi? Halafu nimemwona anavyopanda ngazi ya mlangoni, anapumzika katikati. Nimeona aibu.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Hakuweza kwenda kanisani. Kakaa barazani anasimulia enzi zake, alipokuwa dereva wa mradi wa maji. Land Cruiser yao iliazimwa kila msiba. Amewarudisha wengi makwao, mpaka Kiteto huko. Kuna mmoja, mtu mrefu, ndugu walimpakia kwenye kigari kidogo wakamkunja magoti. Mama wa marehemu aliyalilia yale magoti kuliko kifo chenyewe. Nikamwambia aache habari hizo, anywe uji. Kanywa vijiko viwili.

Jumatano, 12 Machi

Rav 4 ya kijivu, ya zamani. Mbaya! Imejaa nyuma, na tairi la akiba limening'inia mgongoni. Lakini iko juu, haitakwaruza chini, na siti za nyuma zikilazwa unapata sakafu ndefu. Baba Brayan kauliza swali moja tu: ile barabara ya udongo ya Basotu, mvua ikinyesha, itafika kwa mama? Metito kaapa itafika.

Nimefurahi sana! Kumbe anataka kwenda kumwona mama yake. Nimemwambia Pasaka tunakwenda, atakaa mbele na mimi. Kanishika mkono.

Jumamosi, 15 Machi

Gari liko uani. Jirani yangu Philomena kaja kuliangalia, kasema limekaa kiume. Sawa. Nimeanza kulipenda. Siti ya mbele iko juu, Baba Brayan anaingia bila kuinama.

Baada ya chakula kaniomba nilaze siti za nyuma. Nikadhani kuna mzigo. Kaleta mkeka mwenyewe, kautandika, kapanda kwa magoti, kalala chali. Kichwa nyuma ya siti yangu, miguu mlangoni. Kajinyoosha polepole, na urefu wake wote ule. Magoti yakanyooka.

Akatabasamu. Siku nyingi sijaliona tabasamu lile.

"Natosha, Mama Brayan."

Ndipo nikaelewa. Shubiri, buti, Basotu — yote! Na mimi nilikuwa napanga Pasaka. Nimelia pale pale uani, Philomena kanishika mabega. Nikamwambia toka humo, Gidamanyega, toka! Tangu tuoane sijawahi kumwita kwa jina lake. Hatoki. Anasema kwa upole kwamba hapendi nije kuhangaika kuazima gari la mtu. Nifunge kwanza mlango, tuone kama miguu haigusi.

Philomena kaondoka, hakuaga. Naandika nimekaa kizingitini. Mawingu yanashuka kutoka Mlima Kwaraa, matone yameanza. Bado amelala humo, mlango uko wazi, nyayo zake naziona kutoka hapa. Zinalowa.

Ananiita tena. Anasema, funga, mke wangu, mvua inaingia.