Kiti Hakijaiva

3 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini ulifika salama kwa shangazi na kifua kimetulia. Sisi huku karakana hatujambo.

Naandika kwa sababu simu hupokei. Baba, sikukufukuza, nimekuomba upumzike. Daktari wa meno kanunua viti vyetu, kafurahi, halafu siku moja anafungua mlango anakukuta na randa mkononi, unamwambia kiti hakijaiva! Kavirudisha vyote. Anasema kama fundi mwenyewe hana imani navyo, yeye aitoe wapi? Na si wa kwanza kumfuata nyumbani. Watu wanadhani tunauza vibovu. Mafundi wanane wanategemea karakana hii. Ningefanyaje?

Mwanao, kitindamimba

19 Machi

Marahaba, kitindamimba. Kifua kinakohoa kama kawaida yake. Shangazi yako hajambo, na mdomo wake haujambo zaidi.

Usinipambie maneno. Mtu akiambiwa apumzike halafu akakuta kufuli limebadilishwa, huyo kafukuzwa. Tena karakana niliyoianzisha mwenyewe, na meza ya kazi ndiyo tuliyokuwa tukikulaza juu yake ukiwa mchanga. Imeniuma, sikufichi.

Daktari yule kiti kilikuwa kinamsukuma mbele. Nilitaka kuipunguza miguu ya nyuma, basi. Huku nimeshapunguza viti vyote vya shangazi yako. Sasa anaficha vigoda.

Baba yako

2 Agosti

Baba, shikamoo. Barua zangu tatu hukujibu. Shangazi anasema u mzima ila umenuna.

Biashara imepanda. Hoteli moja ilichukua viti arobaini, vyote sawasawa, na hakuna kilichorudi. Sasa wanataka vya ukumbini, vipya kabisa. Wiki nzima nimekaa na penseli, na ninachochora ni kile kile cha zamani, nimekipaka rangi nyingine tu. Na jirani wa ng'ambo ya barabara keshakiiga, anakiuza rahisi. Hoteli ikitukataa, nitawapunguza nusu ya mafundi. Naogopa, baba. Nichoree kimoja tu.

Mwanao

15 Agosti

Marahaba, mwanangu. Sikununa, niliona aibu. Tangu nije huku sijapata wazo hata moja.

Mimi sijawahi kukaa nikabuni kiti. Hicho unachowauzia hoteli nilikipata kwa mama mshonaji. Nilikwenda kumrekebishia chake, nikamkuta kajiwekea mto kiunoni na mguu mmoja kaukunja. Nikarudi, nikatengeneza kiti cha mtu anayekaa vile. Cha kabla yake nilikipata kwa mwalimu, yule aliyenitoa mbio na fagio. Ukinizuia kwa wateja, mwanangu, umenizuia kazi yenyewe. Huku wa kumtazama ni shangazi yako peke yake, na huyo hakai.

Baba yako

3 Septemba

Baba, shikamoo. Kifua je?

Nimekwenda kwa daktari wa meno. Nilitia randa yako kwenye mkoba, jasho likinitoka utadhani naenda kung'olewa. Nikamwambia ukweli, kwamba nimekuja kutazama anavyokaa. Alicheka, akanikaribisha ndani. Baba, anakaa kinyume! Kutwa ameinama kwenye midomo ya watu, kwa hiyo akifika nyumbani anakigeuza kiti, analaza kifua kwenye egemeo na kufumba macho. Miguu ya nyuma haikuwa na kosa. Ulimkosea.

Nimetengeneza kimoja kinachokalika pande zote mbili. Hoteli haijajibu, na sijui watasema nini.

Lakini mimi nilikukosea zaidi. Nilibadilisha kufuli bila kukutazama usoni. Nisamehe. Ufunguo wako umo humu kwenye bahasha.

Mwanao

12 Septemba

Marahaba, kitindamimba wangu. Ufunguo nimeupata. Nimeushika tangu asubuhi kama pete, shangazi yako anauliza kama nimeposa.

Nimekusamehe. Kwamba nilimkosea daktari, hilo limenichoma, kisha nimecheka mpaka nikakohoa. Miaka yote nimeingia majumbani mwa watu na randa mkononi, na sijawahi kuomba kwanza kutazama. Wewe umeomba. Hapo umenishinda, na nimefurahi kushindwa nawe.

Jumamosi nitakuwa hapo. Hicho kiti usikiuze kabla sijakikalia. Na kama umeshakiuza, nipe anwani.

Baba yako