Mguu Wangu, Jina la Shabani

Jumatano, Mikumi

Kile kicheko cha Shabani ndicho kinachonitia wasiwasi.

Leo kwa mama muuza chai wanachuo walibishana nani mshambuliaji hatari kuliko wote tangu chuo chao kianze kucheza mpira. Mlinzi wa geti la chuo akamtaja mmoja wa zamani aliyefunga kwa kichwa tu. Wakamzomea. "Hakuna kama Shabani, mzee wetu. Mabao matatu nusu fainali, yote mguu wa kushoto."

Mguu huo ni wangu; mechi ilikuwa ugenini, wao walisikia matokeo tu. Shabani akipewa mpira ataukalia. Mimi niliyeishia darasa la saba ndiye niliyecheza mamluki, picha yangu ikabandikwa kwenye kitambulisho chake. Mwalimu wa michezo aliahidi nikifunga mdomo ataniingiza chuoni, ufundi magari.

Nikamtania, "Kaka Shabani, tupigie danadana kumi tu."

Akajibu, "Dogo, kwani siku ile ulikuwepo uwanjani?" Akacheka, na wote wakacheka naye.

 Nikisema ukweli, timu inafutwa na nafasi yangu inakwenda nayo.

Lakini jioni nimemwona mdogo wake Shabani ameshuka basi la Zombo na godoro, anaulizia bweni. Nikampa mwalimu shikamoo, nikauliza fomu yangu ya kujiunga na chuo. "Marahaba. Bado haijafika," akasema, macho pembeni.

Ya huyu mdogo mtu imefikaje?

Fainali ni Jumamosi. Nisipoishika fomu mkononi Ijumaa, acheze Shabani mwenyewe. Si ndiye bora wao?