Safari Tuliyoiacha kwa Ajili Yako

Dada Salma,

Huko uliko huhitaji habari za ofisi, lakini mimi nahitaji kukupa. Tangu presha ikuangushe na tukuzike, nimekalia kiti chako pale Kizingo, na bado wanaoingia hukutafuta wewe kwa macho.

Kazi yako nimepewa mimi. Mimi Kadzo, uliyenipokea nikitoka Kaloleni sijui hata kiyoyozi kinavyokula stima, ndimi sasa ninayepima hewa chafu inayotolewa na taasisi yetu ya utafiti wa bahari: dizeli ya jenereta, mafuta ya boti ya utafiti, stima, na safari za ndege. Hizo za ndege ndizo zilizokugombanisha na watu. Nakumbuka ulivyomwambia Daktari Mwakio, mkurugenzi wetu, kwa ile sauti yako ya chini, "Daktari, hatuwezi kuwafundisha watu kwamba bahari yapata joto, halafu moshi wetu wenyewe tuufiche." Mwaka huo safari zote ziliandikwa kwenye hesabu. Kisha ukaja mezani kwangu, ukanimegea mahamri yako, wewe hukula hata kipande. Wengine hawakujua kwamba uliogopa.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mkutano wa watafiti huko Ulaya uliikubali kazi yako ya kupima hewa chafu za taasisi kama yetu. Daktari aliguswa sana. Akasema tutakwenda kundi zima kuisoma kwa heshima yako, nami nimo. Salma, sijawahi kupanda ndege. Nilimpigia mama simu, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nikaenda Mwembe Tayari kutafuta sweta la mtumba.

Lakini kila nikikaa kupiga hesabu za safari ile, moyo unakataa. Tuchome mafuta yote hayo kwenda kuwaambia watu wapunguze kuchoma mafuta, tena kwa jina lako? Kwenye kikao nikasimama, nikasema kazi hii isomwe kwa video kutoka hapa hapa.

"Kadzo, kwani wewe hutaki kwenda?" Daktari akaniuliza.

"Nataka sana. Ndiyo maana nasema leo, kabla sijashika tiketi."

Otieno wa maabara, ambaye alikuwa ameshawaahidi watoto wake zawadi, hakunisemesha siku nyingi. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikwenda kulia chooni. Daktari naye alikaa na neno lile, mwisho akaniita. "Waandikie wenye mkutano," akasema. "Na mama yake Salma aalikwe." Hilo la mama yako sikuwa nimelifikiria. Ulaya asingefika.

Basi akaja kutoka Kibokoni, buibui limefukizwa udi, tukamkalisha mbele. Nikaisoma kazi yako. Katikati stima zikapotea, jenereta ikanguruma. Dizeli ile nimeihesabu, hata kama ilichomwa kwa ajili yako. Nilipomaliza, wale wa Ulaya wakasimama wote kwenye skrini, kimya.

Mama yako akanigeukia. "Wale wamesimama kwa Salma?"

Nikamwambia ndiyo.

"Nami nalidhani mwanangu ahesabu samaki," akasema, akalia. Tukalia naye. Otieno ndiye aliyemletea maji.

Tangu siku ile, mkutano unaoweza kufanywa kwa video hufanywa hivyo. Daktari bado hunung'unika, lakini hukubali. Watafiti wa nchi nyingine wameandika wakitaka tuwaonyeshe njia yako, na nawaonyesha, na mara nyingine nageuka kukuuliza jambo, nakumbuka.

Mama yako alipokuwa akiondoka alinishika mkono. "Alikuwa akija nyumbani amechoka, hanambii kitu. Njoo unihadithie." Kwa hivyo kila Ijumaa jioni napita kwake. Mimi humweleza ulivyokuwa kazini, naye hunieleza ulivyokuwa mtoto, na kahawa hupoa bila ya mmoja wetu kuigusa.

Nenda na amani, dada yangu. Mungu akurehemu. Madhali nakalia kiti hiki, moshi wetu hautafichwa. Na madhali niko Mombasa, mama yako hatakosa mtu wa kumuuliza habari zako.

Wako,
Kadzo